Chumba cha Fundi Nyamoita

Mlango wa chumba cha nyuma ulifunguka kiasi cha mtu kupita kwa ubavu, kisha ukakwama. Inspekta Machuki alivua koti, akampa Konstebo Achieng alishike, akapenya. Ndani kulikuwa na njia moja nyembamba iliyofunguliwa wiki hiyo hiyo. Pande zote mbili marobota ya vitambaa, magunia, makatoni na makopo yalipanda hadi karibu na dari. Dirisha lilikuwa limezibwa kabisa, na hewa ilinuka panya.

"Ulianza lini kutoa vitu?" aliuliza.

"Jumatatu," Valentine alijibu akiwa nje ya mlango, glavu za mpira mkononi na leso kichwani. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Nakuru na alikuwa amechukua ruhusa ya wiki moja. "Mama alianguka humu. Alikuwa anatafuta sijui nini, akakanyaga kopo, nyonga ikavunjika. Wiki iliyopita wakampeleka hospitali Homa Bay. Nikasema kabla hajarudi, hii takataka yote itoke. Miaka yote hakutaka mtu aguse."

"Kwa nini hakutaka?"

"Alikuwa anasema kila kitu iko na kazi yake."

Mama yake, Nyamoita, alikuwa fundi wa nguo. Alikuwa amehamia Rongo kutoka Kisii akiwa bado kijana, na kwa zaidi ya miaka thelathini alishona yunifomu za shule za upande huo. Valentine alikuwa amepanga uani marundo matatu: la kubaki, la kupeana na la kuchoma. Rundo la kubaki lilikuwa na cherehani mbili na biblia. La kuchoma lilikuwa limeshachomwa mara moja, Jumanne, na lilikuwa limekua tena likapita kimo cha mtu. Kulikuwa na michoro ya karatasi, vitabu vya Shule ya Sabato, kalenda za zamani, sufuria zilizotoboka, redio bila mgongo, na majuala ya plastiki yaliyojazwa majuala mengine.

Kando ya marundo yote, juu ya kiti, palikuwa na sanduku la bati la buluu, la aina ambayo wanafunzi wa bweni hubeba. Kifuniko kilikuwa kimeandikwa kwa rangi nyeupe: RAEL WANGWE F1.

Rongo nzima ililijua jina hilo. Rael Wangwe, msichana wa kidato cha kwanza mwenye miaka kumi na minne kutoka upande wa Kuria, alitoka shuleni siku ya kufunga, Novemba 2011, na hakufika kwao. Miaka kumi na minne ilikuwa imepita. Faili lake lilikuwa la tatu kutoka chini kwenye kabati ya Machuki.

"Nani amelifungua?"

"Mimi. Nilifungua, nikaona jina kwa sweta, nikafunga, nikapiga simu." Valentine aligeuka kuitazama seng'enge. "Lakini yule niliyemlipa abebe vitu alikuwa ameshasoma hayo maandishi."

Watu wapatao thelathini walikuwa wamekusanyika upande wa pili wa seng'enge. Hawakupiga kelele. Mmoja alikuwa na jerikeni, na haikujulikana kama ni ya maji. Machuki alimtuma Achieng akaulize. Achieng alienda, akafungua kifuniko, akanusa, akarudi nayo mkononi.

"Petroli, afande."

"Mwandike jina lake. Na uite gari ya pili."

Alimgeukia Valentine. "Kuanzia sasa hakuna kitu kinachochomwa. Kila kitu kitatoka humo kimoja kimoja, na kitaandikwa kilikuwa wapi. Hivyo vilivyotoka tayari, unakumbuka vilikuwa wapi?"

Valentine alivua glavu, akatoa simu. "Sina haja ya kukumbuka. Nilikuwa napiga picha kila asubuhi na kila jioni. Nilitaka kumuonyesha Mama venye ilikuwa na venye imekuwa, ndiyo aache kunikasirikia."

Picha zilikuwa mia moja na sita. Machuki alizipitia akiwa amesimama juani. Kwenye ya tisini na moja sanduku lilionekana likiwa kwenye kona ya mbali, limefunikwa na robota la kitambaa cha kaki. Aliikuza picha hiyo kwa vidole, akaitazama muda mrefu kuliko zingine, kisha akamwambia Valentine amtumie zote.

*

Kuondoa vitu vyote kulichukua siku mbili. Maafisa wanne walifanya kazi kwa zamu, na Achieng aliandika. Kufikia Ijumaa saa tano asubuhi daftari lake lilikuwa na vitu mia nne na kumi na viwili, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi sakafu ya chumba kile ilionekana.

Katikati ya sakafu palikuwa na kiraka cha saruji, urefu wa hatua mbili, upana wa hatua moja. Rangi yake haikufanana na ya sakafu nyingine.

Valentine alikiona wakati mmoja na wao. Alitoka nje akaketi juu ya cherehani.

Walipasua kwa sururu. Chini ya saruji palikuwa na kokoto, na chini ya kokoto udongo mwekundu ambao haukuwa umewahi kuchimbwa. Waliendelea hadi kifuani mwa mtu na hawakupata kitu. Jirani, fundi wa ujenzi aliyestaafu, aliitwa, akachungulia shimo, akacheka bila furaha.

"Hiyo nilitia mimi mwenyewe. Mchwa walikuwa wanatokea hapo. Mungeniuliza tu."

Machuki aliandika jina lake na tarehe ya kazi hiyo, kisha akaamuru shimo lifukiwe.

Siku hiyo hiyo saa saba, kaka ya Rael alifika kituoni. Joash Wangwe alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe, mwenye umri wa miaka thelathini na mmoja. Alivaa koti zito ijapokuwa palikuwa na joto. Achieng alipanga mezani vitu vilivyotoka sandukuni: sweta, mashati mawili, sketi ya kijivu, kitana na viatu vyeusi.

"Sweta ni yake," Joash alisema. "Hiyo kazi ya shingoni ni ya mama yetu. Ilikatika, akaishona na uzi ya bluu."

"Na viatu?"

Aliviinua, akavigeuza. "Viatu sijui. Vinaonekana vikubwa."

"Siku ile ya kufunga shule, nani alikuwa aende kumchukua?"

"Mimi. Nilichelewa. Nilifika saa kumi, shule ilikuwa tupu."

"Alijua nyumbani kulikuwa na nini Desemba hiyo?"

Joash aliweka viatu chini, kimoja kando ya kingine. "Unamaanisha nini, afande?"

"Nauliza tu. Kwenye faili hakuna aliyeuliza."

Joash alivua koti, akaliweka magotini.

"Mwaka huo wazee walikuwa wamefungua tohara," Joash alisema. "Jina lake lilikuwa kwa orodha. Baba alikuwa ameshaongea na watu wengine pia, juu ya kumuoza. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilitumwa nimlete, nikaenda kumleta."

"Baba yuko?"

"Alikufa 2019. Mama alimtangulia." Alisimama. "Huyo mama fundi mnamshika lini?"

"Ana askari mlangoni pake hospitalini tangu jana."

"Hiyo si kumshika."

"Kwa leo inatosha," Machuki alisema.

*

Mwaka 2011 aliyekuwa ameshikwa ni mtu mwingine. Onchiri, bawabu wa shule, ndiye aliyemwona Rael mara ya mwisho, na alikubali mwenyewe kwamba alimfungulia lango. Alikaa rumande miezi kumi na minne. Kesi ilipotupwa kwa kukosa ushahidi alirudi Rongo bila kazi. Sasa alikuwa fundi wa viatu, na kibanda chake kilikuwa nyuma ya soko, karibu na choo cha umma, mahali ambapo wenzake walikuwa wamekataa.

Machuki na Achieng walimkuta amekunja soli gotini. Kulikuwa na jiwe kubwa juu ya benchi yake, na tundu jipya kwenye bati la paa.

"Oyawore, jaduong'," Achieng alimsalimia mzee kwa salamu ya asubuhi ya Kijaluo, ingawa ilikuwa alasiri na Onchiri hakuwa Mjaluo.

"Hilo jiwe ni la jana," Onchiri alisema kabla ya kuulizwa. "Nimeliweka hapo ili mwenyewe akilitaka alichukue."

"Umesikia yaliyopatikana kwa fundi Nyamoita?"

"Rongo nzima imesikia."

"Ulikuwa unamjua?"

"Alishona suruali yangu ya kazi. Hakuna kingine."

"Siku ile, Rael alitoka langoni saa ngapi?"

Onchiri alichoma sindano, akavuta uzi mpaka ukalia. "Afande, hilo swali nimelijibu mara arobaini. Saa tano na nusu. Peke yake. Sanduku kichwani. Alienda mkono wa kushoto."

Machuki aliinua macho kutoka kwenye daftari lake. "Steji ya magari iko mkono wa kulia."

"Nilisema hivyo pia. Nilisema kushoto. Yule aliyeandika aliandika kulia, akaniambia niweke sahihi."

Machuki alilitoa faili la zamani kwenye mkoba, akatafuta ukurasa. Neno lililoandikwa pale lilikuwa kulia. Mkono wa kushoto ulielekea barabara ya nyuma, na kwenye barabara hiyo, nyumba ya sita, ndipo alipokaa Nyamoita.

"Mtanishika tena?" Onchiri aliuliza, kwa sauti ile ile ambayo angemuuliza mteja kama anataka kisigino cha mpira.

"Sijui bado. Usilale kibandani. Lala mahali penye watu."

"Watu ndio wanatupa mawe," Onchiri alisema.

*

Jioni, kabla jua halijatua, Machuki alifunga mlango wa ofisi, akafungua picha ya tisini na moja kwenye kompyuta.

"Niambie unaona nini chini ya sanduku."

Achieng aliinama. "Ni kama kalenda imekunjwa. Ya mwaka gani... elfu mbili na kumi na nane."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo sanduku liliwekwa hapo baadaye. Miaka saba baada ya msichana kupotea." Alifikiri. "Na kuna hii kitu ingine, sir. Humo ndani, nguo kuukuu zote zilikuwa ndani ya majuala. Lakini hizi za Rael zilikuwa zimewekwa kwa mfuko wa kitambaa, ile ya kubebea vitu dukani. Hiyo mifuko ilianza wakati serikali ilikataza majuala. Hiyo ni elfu mbili na kumi na saba."

"Vizuri. Lete sketi."

Achieng alikuwa pia ameokota daftari la vipimo la Nyamoita kutoka kwenye rundo la kuchoma. Machuki alikuwa amelisoma ukurasa kwa ukurasa. Kulikuwa na mstari mmoja wa mwanzo wa 2011: Rael W., sketi kijivu, kiuno 24, urefu 23. Alinyoosha futi juu ya meza. Sketi iliyokuwa mbele yao ilikuwa na urefu wa inchi ishirini na saba.

Aliligeuza pindo. Kwenye kitambaa kulikuwa na mistari miwili iliyofifia, mmoja juu ya mwingine, mahali ambapo pindo liliwahi kukaa. Chini ya kila mstari rangi ilikuwa tofauti kidogo, kwa sababu sehemu hiyo ilikuwa imechelewa kuonana na jua na sabuni. Pindo la kwanza lilikuwa limebakiza vipande vidogo vya uzi wa kijivu. Pindo lililokuwepo sasa lilishonwa kwa uzi mweusi.

"Limeshushwa mara mbili," Machuki alisema. "Na kila mara sketi ilivaliwa muda mrefu kabla ya kushushwa tena. Msichana aliyekufa Novemba 2011 hahitaji pindo lishushwe."

"Labda ilivaliwa na msichana mwingine."

"Labda. Na hili doa?"

Achieng aliisogeza sketi dirishani. Doa lilikuwa la kahawia, upana wa kiganja. Maabara ilikuwa imeomba wiki sita. "Mimi nimekulia shambani, sir. Damu ya zamani haikai hivi, ikifuliwa inakuwa rangi ya chai nyepesi. Hii ni utomvu wa ndizi. Hautoki mpaka nguo iishe."

"Andika kwamba ni maoni yako. Tusingoje wiki sita," Machuki alisema. "Kesho asubuhi Homa Bay."

*

Nyamoita alilala kitanda cha mwisho katika wodi ya wanawake, mguu mmoja umevutwa kwa mawe ya chuma. Alikuwa na miaka sabini na mbili, mwembamba, na vidole vya mikono vilikuwa na ncha ngumu. Askari wa kike aliketi mlangoni. Machuki alivuta kiti.

"Bwakire, mama," alimwamkia kwa Kikisii.

"Leo ni Sabato, mwanangu," Nyamoita alisema. "Usiniulize mambo ya kazi."

"Sanduku limefunguliwa."

Hakuonyesha mshangao. "Valentine amefika wapi kutoa vitu?"

"Ameshamaliza. Chumba ni kitupu. Sakafu imeonekana."

Mwanamke yule alifumba macho. Machuki alisema, "Mama, sketi ya yule msichana imeshushwa pindo mara mbili."

"Nani amekuambia?"

"Nimeona mwenyewe."

"Mara ya pili nilitumia uzi mweusi," Nyamoita alisema, macho bado yamefumba. "Wa kijivu ulikuwa umeniishia. Nilijua siku moja mtu ataona, na nikaona aibu, kama fundi."

Baada ya hapo alizungumza bila kuulizwa sana, na Achieng aliandika. Rael alikuja kwake siku ya kufunga shule kuchukua shati lililokuwa limeshonwa. Alipewa, akaambiwa magari yanaondoka, akaketi. Ilipofika jioni alikuwa bado ameketi. Alisema jambo moja tu, kwamba akirudi nyumbani atakatwa, na baada ya kukatwa kuna mtu anayengoja. Nyamoita alimfungia katika chumba cha nyuma, akampangia marobota mlangoni, na msichana akalala humo siku sita. Siku ya saba alimpeleka Lambwe kwa dada yake, mjane mwenye shamba. Huko msichana alianza tena kidato cha kwanza katika shule ya kutwa, kwa jina lingine. Kwa bahati sketi za shule hiyo zilikuwa za kijivu pia.

"Alipomaliza shule aliniambia nifanye sketi matambara. Nikashindwa. Baada ya miaka miwili, mitatu nikalichukua sanduku lake huko Lambwe, nikamwekea kwangu."

"Na chumba?"

"Nilirudi siku ile kutoka Lambwe, nikaingia kufagia alikolala. Nikaogopa. Nikaweka robota moja hapo. Halafu lingine. Ukishaanza kuweka unaendelea tu. Ilifika mahali hata mimi singeweza kuingia vizuri."

"Ulikuwa unatafuta nini ulipoanguka?"

"Hilo sanduku. Nilijua nimezeeka na Valentine atakuja kusafisha. Nilitaka kulitoa kwanza."

Machuki alingoja kalamu ya Achieng ifike mwisho wa mstari. "Onchiri alishikwa siku nne baada ya Rael kupotea. Msichana alikuwa bado kwako."

"Nilijua."

"Alikaa ndani miezi kumi na minne."

"Nilienda kituoni," Nyamoita alisema. Alifungua macho sasa, akamtazama Machuki moja kwa moja. "Nilienda mara moja. Baba wa msichana alikuwa ameketi hapo kwenye benchi na wazee wawili. Nikauliza habari ya kitambulisho changu, nikarudi nyumbani. Nikajiambia, huyu mtu hana hatia, watamwachilia wiki hii. Halafu nikasema wiki ijayo. Halafu ikawa mwaka."

"Msichana yuko wapi sasa?"

"Hilo sitakuambia. Nishtaki."

Machuki alifunga daftari, akatoka hadi kwenye meza ya muuguzi wa zamu kuomba maji. Muuguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye haraka.

"Mmemchosha yule mama?" aliuliza. "Na leo uji wake umechelewa. Kwa kawaida saa hii binti yake ameshafika."

"Binti yake yuko Rongo tangu Jumatatu. Valentine."

"Valentine simjui. Mimi najua Liz. Anakuja kila siku tangu mama aletwe." Muuguzi alisukuma kitabu cha wageni. Mstari ulikuwa umejirudia siku tisa kwa mwandiko mmoja, wa duara na safi: Liz Moraa, binti, Lambwe.

Machuki alimwambia Achieng aende akaketi karibu na lango, asimzuie mtu. Yeye alibaki kwenye benchi ya korido. Saa sita kasorobo mwanamke mrefu aliingia, tumbo la mimba limeanza kuonekana, thermos mkononi na mtoto wa miaka mitatu hivi akimfuata. Aliwaona askari wawili, mmoja langoni na mwingine mlangoni pa wodi. Alipunguza mwendo. Kisha akambeba mtoto, akaja moja kwa moja hadi kwenye benchi.

"Kama ni juu yangu, mama hana makosa," alisema. "Mimi ndiye Rael."

*

Walizungumza kando ya kitanda, kwa sababu Rael alikataa kuzungumza mahali ambapo Nyamoita hangesikia. Alijibu kila swali kwa ufupi. Baada ya mjane wa Lambwe kufariki alibaki na nusu ya shamba, na alikuwa na mume, migomba na mbuzi wa maziwa. Mtoto alikuwa ameketi chini akifungua na kufunga kikombe cha thermos.

"Una miaka ishirini na minane," Machuki alimwambia. "Hakuna mtu anayeweza kukurudisha popote. Nitaandika kwamba umeonekana hai, na faili litafungwa. Kaka yako nitamwambia uko hai. Mahali ulipo sitamwambia usipotaka."

"Usimwambie kwa sasa."

"Sawa. Kuhusu mama, mwendesha mashtaka ndiye ataamua. Mimi nitaandika yote kama alivyosema, na sababu zake, na upande wa Onchiri."

"Onchiri nani?"

Nyamoita aligeuza uso ukutani.

Machuki alimtazama mmoja, akamtazama mwingine. Alieleza kwa maneno machache: bawabu, lango, miezi kumi na minne, kibanda nyuma ya soko, jiwe la juzi. Hakuongeza chochote. Rael alisikiliza, mkono wake juu ya kichwa cha mtoto.

"Alinifungulia lango," alisema mwishowe. "Aliniambia nisiharibu viatu kwa matope." Alimgeukia mwanamke kitandani. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Hukuniambia."

"Ungerudi," Nyamoita alisema kwa ukuta. "Nilikujua. Ungerudi siku hiyo hiyo."

Rael alichukua kikombe kwa mtoto. Alimimina uji, akaupoza kwa kuumwaga kutoka kikombe hadi kikombe, akamnywesha mama yule mpaka ukaisha, kijiko kwa kijiko. Kisha akafuta kikombe, akafunga thermos, akasimama.

"Hicho kibanda chake kinafunguliwa siku gani?" alimuuliza Machuki.

*

Joash alipigiwa simu Jumapili. Machuki alimwambia dada yake yuko hai, huku akisikia ng'ombe nyuma yake.

"Ana watoto?" Joash aliuliza.

"Hilo utamuuliza mwenyewe akitaka kukuona."

"Mwambie orodha zilikwisha. Mwambie nina binti wawili, na hakuna aliyeguswa. Mwambie hivyo tu."

Machuki aliyaandika maneno hayo kwenye kipande cha karatasi kama yalivyosemwa, akakiweka mfukoni.

Jumatatu saa tatu asubuhi, siku ya soko, alimshusha Rael nyuma ya soko la Rongo na kubaki kando ya gari pamoja na Achieng. Alikuwa amemwambia kwamba sheria haimlazimishi kufanya hivyo. Rael alikuwa amesema anajua.

Onchiri alikuwa akipiga kisigino msumari. Alitazama kwanza viatu vya mgeni, kwa mazoea, kisha akapanda hadi usoni.

"Unataka nini kishonwe?"

"Mimi ni Rael Wangwe."

Nyundo ilibaki hewani. Onchiri aliiweka chini polepole, akatoa misumari iliyokuwa midomoni mwake, mmoja mmoja, akaipanga kwenye kopo.

"Ulikuwa mdogo," alisema.

"Sikujua walikushika. Nimejua juzi. Nimekuja kuomba..."

Onchiri aliinua mkono. "Hiyo ngoja kwanza. Umekuja kwa miguu yako? Hakuna mtu amekulazimisha?"

"Hakuna."

"Basi simama pale." Alionyesha mahali penye jua, mbele ya kibanda, ambapo njia ya choo inakutana na njia ya mboga. "Usitangaze kitu. Simama tu. Mtu akikuuliza jina, mjibu."

Rael alienda akasimama. Wanawake wawili walipita na masinia ya omena. Wa tatu, muuza sukuma wiki, alisimama kumtazama kwa sababu alikuwa mgeni na amesimama juani na mimba.

"Dada, unangoja nani?"

"Simngoji mtu."

"Unaitwa nani?"

Rael alimwambia. Mwanamke yule alitua beseni lake chini, akamtazama, akamtazama Onchiri, akamtazama tena. Kisha akamwita mwenzake kwa jina, kwa sauti ya juu sana.

Kufikia saa tano njia zote mbili zilikuwa zimefungika kwa watu. Walimuuliza jina la mama yake, la mwalimu wake wa darasa, la kijiji chao, naye akajibu kila mmoja bila kuchoka. Mzee mmoja aliomba aguse mkono wake, akaugusa. Kijana aliyekuwa na jerikeni Alhamisi alisimama nyuma kabisa, kisha akaja mbele, akaliinua lile jiwe kwenye benchi, akaondoka nalo. Onchiri aliendelea kushona. Hakumtazama mtu, na alikuwa akishona kiatu kile kile tangu asubuhi.

Jua lilipofika utosini, Achieng alipata kigoda kwa muuza nyanya, akamletea Rael. Rael alimgeukia Onchiri.

"Mzee, naweza kuketi sasa?"

"Keti, mwanangu, keti," Onchiri alisema. "Lakini usiende. Nimetuma mtu akamwite mama ya watoto wangu. Aliniacha nikiwa nimekaa rumande miezi mitatu tu, na anatoka mbali."